Shimo la Kumi na Saba

Mitondooni, Unguja ya Mashariki
Jumapili, 14 Rajabu 1375

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Mwanakheir binti Msabah, Kokoni, Mjini.

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta umekaa pale pale pako dirishani, kofia ya watu mapajani na sindano mkononi, na mguu wako wa kushoto haukusumbui sana na joto hili. Kifua cha Bi Khamisa kinaendeleaje? Na yule paka wako mwizi, yupo bado, au majirani wameshamsomea albadiri? Kwa desturi hapa ningekuarifu kwamba mimi ni mzima na hofu yangu ni juu yako tu. Mwili ni mzima kweli, alhamdulillahi, nakula na nalala. Lakini safari hii hofu iwe juu yangu mimi, nawe nivumilie mpaka ufike mwisho.

Utastaajabu kuona nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu. Mwaka mzima nimekuletea barua za herufi za kizungu kwa sababu mkono wangu umezoea hizo, nami nilijua kwamba mtoto wa Bi Khamisa hukusomea pale barazani na nusu ya mtaa hukaa kusikiliza. Basi nikawa naandika barua za kusomewa mtaa: watoto wasikivu, watu wakarimu, samaki tele. Hii nimeiandika kwa herufi ulizonifundisha wewe mwenyewe kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu ya jikoni, ili uisome peke yako. Ukishamaliza, ukitaka kumsomea mtu msomee, sitakulaumu. Lakini uanze wewe.

Kwanza naomba radhi kwa uongo mdogo mdogo. Nilikuambia kwamba jioni hukaa na wanaume barazani tukazungumza. Sikai nao, dada. Nikipita mbele yao mazungumzo hukatika, wote huinuka kwa heshima, "Karibu mwalimu," nami hukaribia, na hapo huzungumzwa habari za mvua mpaka niondoke. Nikifika kwenye mkunazi wa pili nasikia kicheko kimeanza upya. Si watu wabaya. Wamezaliwa pamoja na wamezikana pamoja, na mimi ni mtu wa mjini niliyeletwa kwa gari moja pamoja na madawati kumi na mawili. Nyumba ya mwalimu wameijenga kando ya skuli, mbali na moshi wa jiko la mtu yeyote. Siku moja nilijikuta nikijiita jina langu kwa sauti, "Shamsi!", na mwenyewe nikaitika, "Naam." Nilicheka. Kisha nikaona hakuna wa kucheka naye.

Kazi niliipenda, na hilo sikukudanganya. Wiki ya kwanza nilimwambia mtoto mmoja anieleze njia ya kwenda kisimani, maana mimi mgeni sikuijua. Akasimama kimya kama aliyemwagiwa maji. Nikamwambia anitajie mito ya Ulaya, akaitaja yote bila kuvuta pumzi. Nikaona hapa pana kazi. Nikaandika maneno mawili juu ya ubao, nikawakataza wasiyafute. La kwanza, "Umejuaje?" La pili, "Mwambie asiyekuwapo." Yakawa ndiyo masomo yetu ndani ya masomo yote. Katika hesabu, mtoto akisema jibu ni arobaini huulizwa amejuaje, na lazima amweleze mwenzake ambaye jana hakuja, mpaka naye aelewe. Katika jiografia tulishuka pwani kuhesabu wenyewe siku ngapi zapita baina ya bamvua na bamvua, yaani yale maji makubwa yanayotoka mbali. Katika siha niliuliza wamejuaje kwamba maji ya kisima chao ni safi. Wakasema kwa kuwa yanang'aa. Nikawauliza kama macho ya nyoka nayo hayang'ai. Na katika Kiswahili niliwataka wamwandikie barua mtu wa bara asiyewahi kuona bahari. Mtoto mmoja jina lake Mcha alianza yake hivi: "Ewe mtu wa bara, bahari ni maji, lakini usinywe." Nilitamani uwepo, dada. Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani.

Mwezi wa tatu wazee walinijia. Babu mmoja alimkanya mjukuu wake asipige mluzi usiku kwa maana huita nyoka, na mtoto akamwuliza amejuaje. Yule mzee alikuja na bakora, si kwa ajili ya mtoto, kwa ajili yangu. Sheha Makungu, mtu mpole mwenye kikohozi kisichokwisha, aliniambia kwamba skuli imeletwa ili watoto wapate kazi mjini, si ili wawahoji wazee wao kama polisi. Nikatafuta njia ya kati. Nikawafundisha watoto kwamba mwenye kuuliza huamkia kwanza, hukaa chini, kisha husema, "Babu, naomba kujua, umejuaje?" Ikawa shikamoo ya mtoto wa skuli inaogopwa kijiji kizima.

Bora yao wote alikuwa Sichana, mmoja wa wasichana sita nilio nao, mtoto wa miaka kumi na moja hivi, mwembamba, meno yake ya mbele yamepishana. Huyu hakuniachia hata mimi. Nilipowaambia kwamba jua la leo limechomoza upande wa Pemba zaidi kuliko la mwezi uliopita, aliniuliza nimejuaje ilhali mlango wangu hufunguka jua likiwa limeshapanda. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikaanza kuamka mapema.

Sichana ni mjukuu wa Bi Mwamvua, na Bi Mwamvua ndiye aliyekuwa akinilisha. Huku mwalimu asiye na mke hapikiwi na kijiji. Hupikiwa na mtu mmoja aliyejitolea, na aliyejitolea ni yeye na mumewe, Mzee Jaku. Ramadhani iliyopita nilifuturu nao kila siku. Siku chache baada ya Iddi Mzee Jaku akafariki, Mungu amrehemu, na Bi Mwamvua akaingia eda. Nilidhani na chakula changu kimeingia eda. Hakikuingia. Kila jioni Sichana aliniletea sahani nje kwenye baraza ya nyumba yao, nami nilikula pale, na bibi yake yu ndani nyuma ya mlango. Hakuonana nami miezi minne na siku kumi, lakini hakuna siku aliyoacha kuniuliza kama nimeshiba. Na wewe alikuulizia: "Dada yako hajambo mguu?" Aliposikia nimekaa kimya sana aligonga mlango kwa ndani mara mbili, basi, ili nijue kuna mtu. Kule kugonga, dada, ndiko kulikokuwa mazungumzo yangu ya kutwa.

Sasa nikueleze habari ya makumbi, maana wewe ni mtu wa Kokoni na kamba unaiona ikishakuwa kamba. Wanawake wa huku hufukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, kila mmoja ana shimo lake lililozungushiwa mawe. Yakikaa miezi, nyama yake huoza zikabaki nyuzi. Huyafukua, huyapiga, wakapata usumba, wakasokota kamba. Kamba ndiyo kanga ya mwanamke wa huku, ndiyo sukari yake na ndiyo sanda yake. Wala hakuna jina la mtu juu ya mashimo yale. Yako mengi yamepangana, mgeni huona mawe matupu, lakini kila mwanamke anajua lake na la mwenziwe.

Mfungo nne, mwezi wa nne tangu Ramadhani, Bi Mwamvua akiwa bado edani, niliarifiwa kwamba mkaguzi wa skuli atakuja. Nilitaka aone kitu ambacho hajakiona kwingine. Nikawaambia watoto tuchore ramani ya mashimo ya makumbi, masomo yote kwa kazi moja: wapime kwa hatua, wahesabu, wachore, waende kwa adabu kuwatazama wanawake watakaowakuta kwenye mashimo, na waandike. Nikawapa sharti moja. Waandike walichokiona kwa macho yao tu, wasiandike walichoambiwa, kwa sababu kijiji hiki, kama Kokoni, kinaishi kwa "wanasema". Bamvua mbili tulishuka pwani. Tukapata mashimo arobaini na mawili. Niliunganisha karatasi kwa uji wa unga wa muhogo mpaka zikawa kubwa kama shuka, na Sichana, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wote, ndiye aliyeandika majina kwa penseli kabla sijapitisha wino.

Kwenye shimo la kumi na saba wenzake walisema wamemkuta Bi Kazija akipanga mawe, basi liandikwe la Kazija. Bi Kazija ni jirani yao, mlango kwa mlango. Sichana alikuwa ameshaandika Mwamvua. Akanyoosha mkono, akasema lile ni la bibi yake, Bi Kazija analitazama tu mpaka bibi atoke eda. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Kanambia bibi." Nami nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba kuambiwa si kujua, na kwamba shahidi aliye mjukuu ni nusu shahidi. Nikampa raba. Akalifuta jina la bibi yake kwa mkono wake mwenyewe, akaandika Kazija, nami nikapitisha wino.

Mkaguzi alisimama mbele ya ile ramani mpaka chai yake ikapoa. Aliwahoji watoto nao wakamjibu, na Mcha akamwuliza yeye amejuaje kwamba skuli yetu ni nzuri na ndiyo kwanza amefika. Alicheka sana. Akaichukua ramani kwenda nayo mjini ikatundikwe ukutani ofisini walimu wengine waione, sisi tukabaki na nakala, na akasema mwalimu kama mimi si wa kupotezwa shamba. Yaliyobaki unayajua. Mwezi wa Januari ilikuja barua ya uhamisho kwamba kabla ya Ramadhani nije kusomesha mjini. Nawe ukaniandikia, kwa mkono wa mtoto wa Bi Khamisa, kwamba chumba cha juu umekipaka chokaa, kitanda umekisogeza dirishani, na futari ya mwaka huu tutakula pamoja kwa mara ya kwanza tangu nilipokwenda chuo cha walimu.

Lakini kabla ya Januari kulikuwa na mfungo tano. Mwezi ule Bi Mwamvua alitoka eda. Alioga, akavaa, na bamvua ya kwanza akashuka pwani kwa makumbi yake, maana aliyafukia mumewe yu hai na sasa yalikuwa yameiva. Akalikuta shimo tupu na mawe yamesogezwa. Bi Kazija alikuwa ameshayafukua na kuyapiga, na kamba zake zimeshachukuliwa na mfanyabiashara. Alikuwa anamwoza binti yake, Mashavu, na vitu havikutosha. Nadhani alikusudia kurudisha. Lakini alipoulizwa aliona haya, na mtu mwenye haya akipewa pa kujificha hujificha. Akasema shimo ni lake, na ushahidi ni karatasi ya skuli.

Zamani maneno kama haya yalikwisha pale pale topeni. Wanawake wanne wazima wangesimama wakasema jiwe lile aliliweka nani, basi. Sasa kulikuwa na karatasi. Sheha alituma nakala iletwe barazani, na kwa kuwa herufi za kizungu hazijui akamwita Mcha aisome. Mcha akasoma kwa sauti nzuri niliyomfundisha mimi: kumi na saba, Kazija. Sheha akanigeukia akaniuliza kama karatasi ile ni sawa. Nikajibu kwamba watoto wameandika walichokiona kwa macho yao. Sheha akakohoa, akasema basi, yameisha.

Bi Mwamvua hakubishana. Alikuwa amesimama nyuma ya ua wa makuti pamoja na wanawake wenziwe, nikamsikia akisema polepole, "Kumbe mtu akikaa ndani miezi minne huwa hayupo duniani." Kisha akaenda zake. Na jioni ile ile, dada, sahani yangu ililetwa kama kawaida, muhogo na changu wa kukaanga, imefunikwa kawa. Nilikula yote. Sijui nilikulaje.

Tangu siku ile Sichana hakuuliza tena. Nilisema kitu akaandika. Nilimwita akaitika naam. Mara mbili nilikosea makusudi ubaoni ili anisahihishe, naye akanakili kosa langu kwa mwandiko wake mzuri. Alikuwa mwanafunzi mtulivu, msikivu, asiye na tabu, yaani vile hasa walivyotaka wale wazee waliokuja na bakora. Miezi mitano nimesomesha nikilitazama lile "Umejuaje?" la ubaoni, na nilitamani kulifuta mimi.

Utasema, Shamsi, hilo lilikuwa kosa la kazi, sharti lako lilikuwa zuri likaangukia pabaya, nani asiyekosea? Ningependa uamini hivyo. Ningeweza kukuacha uamini hivyo, na ndivyo nilivyojiambia mwenyewe wiki nyingi. Lakini barua hii nimeiandika kwa herufi zako, basi sikiliza.

Nilijua. Sikuambiwa na Sichana tu. Mfungo tatu, kabla hatujafikiria ramani yoyote, jioni moja nilikuwa nimekaa pale barazani na sahani mapajani. Bi Kazija akapita mbele yangu, akanisalimu, akaingia ndani kumtazama mjane. Mlango haukurudishwa vizuri. Nikamsikia Bi Mwamvua akisema, "Kazija, nitazamie makumbi yangu, lile shimo lenye jiwe jeupe, mpaka ntoke." Na Kazija akamjibu, "Usitie shaka, dada." Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Jiwe jeupe nalijua, ni la kumi na saba. Kwa hiyo Sichana aliponyoosha mkono, sikuwa mwalimu anayetafuta ukweli. Nilikuwa mtu aliyeujua, na nikampa mtoto raba aufute.

Kwa nini? Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku nne. Nikiliacha shimo moja liandikwe kwa "nimeambiwa", sharti langu lote lingeingia ufa, na nilitaka ramani isiyo na neno. Niliitaka kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani. Hilo tu. Nilichoka kuitika jina langu mwenyewe. Na kule kwa sheha nilipoulizwa, nilijua kwamba nikisema nilichosikia ramani itaanguka, na njia yangu ya kurudi Kokoni imetundikwa juu yake. Nikachukua neno la kweli nikalitumia kazi ya uongo, mbele ya mjane aliyekuwa akinigongea mlango nisijione peke yangu. Hicho chumba, dada, ulikipaka chokaa wewe kwa mkono wako safi, lakini nilikipata kwa makumbi ya Bi Mwamvua.

Barua yako ya chumba ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa nimevumilia yote, lakini uliposema umekisogeza kitanda dirishani sikuweza kumaliza kuisoma. Ijumaa ya mwisho ya mfungo tisa, baada ya sala, nilimwomba Sheha Makungu ruhusa ya kusema pale barazani kwake. Nikasema yote, kama nilivyokuambia wewe, wanaume wamekaa na wanawake wako nyuma ya ua. Usidhani watu walinisifu. Sheha akaniuliza, kwa upole wake ule, kwa nini najitia aibu na hapana aliyeniuliza. Nyuma ya ua tukasikia mwanamke analia, naye alikuwa Bi Kazija. Kesho yake asubuhi maji yalipotoka, alimshika Bi Mwamvua mkono wakashuka pwani wawili peke yao. Walichoambiana sikijui. Najua kwamba makumbi ya Bi Kazija yaliyo karibu kuiva sasa ni ya Bi Mwamvua, na la kumi na saba amelirudia mwenyewe. Wameyamaliza kwa mawe, karatasi haikuitwa.

Nakala ya skuli niliiteremsha. Jioni ya Ijumaa ile nikamwandikia mkaguzi kwamba ramani iliyo ukutani kwake ina uongo katika shimo moja, kwamba uongo huo ni wangu si wa watoto, na naomba iondoshwe. Jibu limekuja Alkhamisi hii. Imeondoshwa. Nafasi ya mjini amepewa mwalimu mwingine, na mimi nitabaki Mitondooni miaka miwili zaidi, kisha itatazamwa. Dada yangu, sitakuja Ramadhani hii. Nisamehe. Nimeliacha neno hili mpaka hapa kwa sababu nililiogopa kuliko la kwanza.

Jumatatu ile baada ya Ijumaa niliwaambia na watoto. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba shimo la kumi na saba ni la Bi Mwamvua, lilikuwa lake tangu mwanzo, na niliyekosa ni mimi. Hawakujua watazame wapi; mtoto hajazoea kuona mkubwa akikiri. Ndipo Sichana akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu mfungo tano. Akasimama, akaniamkia kwanza kama nilivyowafundisha, kisha akasema, "Naomba kujua, mwalimu, umejuaje?"

Nilitaka kumjibu kwamba nilisikia kwa masikio yangu mlangoni kwa bibi yake. Ni kweli, lakini ingekuwa tena kweli ya kujifichia. Nikamwambia, "Nimejua kwa kuwa niliambiwa. Uliniambia wewe." Kisha akatoka mahali pake, akaja mpaka mezani kwangu, akaniwekea ile raba. Alikuwa nayo mkobani miezi yote ile. Akarudi akakaa, akafungua daftari, na kabla hatujafika nusu ya somo alishanisahihisha mara mbili.

Upweke haukuondoka, sitakudanganya tena. Nyumba ni ile ile na moshi wa jiko bado uko mbali. Nikipita barazani sasa wanaume hawainuki, wanaendelea na maneno yao. Sijui kama ni kunidharau au ni kunizoea. Leo ni bamvua ya mbaamwezi, kutoka hapa nilipokaa nasikia wanawake huko chini wanapiga makumbi, na sahani yangu imeshaletwa. Bi Mwamvua hajanitajia neno hata moja la shimo lile. Nilipokwenda kwake kuomba radhi aliniuliza kama nimeshiba. Kisha akauliza habari zako, una umri gani, unafananaje, unacheka vipi. Nikaanza kumweleza, akanikatiza, "Hayo ya kuambiwa. Mlete nimwone." Gari la Uroa linapita hapa njia panda Jumatatu na Alkhamisi. Uje na mfuko wako wa sindano, kofia zako utazishonea hapa kama unavyozishonea huko, na futari kwa Bi Mwamvua ni ya watu wengi.

Ukishindwa kuja, basi nifanyie hili moja. Mwaka mzima nami nimepata barua zako kwa mkono wa mtoto wa Bi Khamisa, na zote zinasema wewe ni mzima, na nyumba nzima, na mguu afadhali. Nilizisoma nikaziamini kwa sababu ziliniridhisha. Sasa najiuliza ulikuwa unaandikia mtaa kama nilivyokuwa naandikia mimi. Umekaa peke yako katika nyumba ya vyumba vinne, dada, na sijawahi kukuuliza. Chukua kalamu mwenyewe, kwa herufi hizi hizi, mtu asisome ila mimi. Sikuoni nilipo. Niambie u hali gani, nami nitakuwa nimejua.

Nisalimie Bi Khamisa na kifua chake, na mwanawe, umwambie mwandiko wake ni mzuri lakini apumzike kidogo. Sichana anakusalimu, anasema naomba kujua kama ni kweli mjini kuna nyumba juu ya nyumba, na wewe umejuaje wa juu hawaangukii wa chini. Bi Mwamvua anakusalimu sana. Na mimi nakubusu mikono yako iliyonilea.

Ndimi mdogo wako anayekungoja,
Shamsi bin Msabah